Filamu ya Maisha ya Msanii: Tuiamini kwa Kiasi Gani?

Kila filamu ya maisha ya msanii maarufu inapofika katika vibanda vya video vya Mwanjelwa na Uyole jijini Mbeya, au inaposambaa kwa simu miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vya Iringa, mabishano huwa yale yale. Upande mmoja husema kwamba kwa kuwa filamu yenyewe imetangaza mwanzoni kuwa imetokana na kisa cha kweli, basi kila kilichoonekana ndicho kilichotokea. Upande wa pili, ukishabaini kosa moja la tarehe, huitupilia mbali filamu nzima na kuiita uongo. Mabishano haya yamekuwa makali zaidi kuhusu Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, kwa sababu anayesimuliwa humo, Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, alizaliwa Unguja, na Watanzania wengi humhesabu kuwa mtu wa kwao hata kama nyimbo zake hawazifahamu sana. Naona pande zote mbili zinaidai filamu kitu ambacho haikuahidi kukitoa, na ndiyo maana inafaa kueleza kwa utaratibu filamu ya namna hii ni kitu gani, hutengenezwaje, na kwa nini hukosea palepale inapokosea.

Tuanze na majina. Filamu ya hali halisi hutumia picha, sauti na nyaraka za wahusika wenyewe: mwanamuziki huonekana akiimba kama alivyorekodiwa siku ile, jirani yake huhojiwa, barua yake husomwa. Filamu ya wasifu ya kuigiza ina mwandishi aliyetunga mazungumzo, mwongozaji aliyepanga matukio, na mwigizaji aliyejivika sura ya mtu mwingine. Rami Malek, aliyemwigiza Mercury na kupata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, alivaa hata meno ya bandia ili mdomo wake ufanane na wa mwimbaji. Aina ya kwanza inaweza kupotosha kwa kuchagua nini kionyeshwe na nini kiachwe. Aina ya pili huchagua, kisha huunda. Tangazo la kisa cha kweli lina maana finyu kuliko tunavyolipokea: linasema kwamba mtu huyo aliishi na kwamba baadhi ya yanayoonyeshwa yalimpata. Hakuna chombo kinachohesabu matukio ya kweli kabla ya maneno hayo kuwekwa kwenye skrini.

Ndani ya aina hii ya pili kuna tawi moja linalopendwa kuliko mengine, nalo ni la msanii mwenye misukosuko: mchoraji anayeugua akili, mwimbaji aliyezama katika dawa za kulevya au pombe, mtunzi anayekufa kijana na kuacha kazi ambazo dunia inazitambua akiwa tayari kaburini. Tawi hili lina umbo lake, na ukishalijua umbo hilo utaanza kuona ni wapi maisha ya mtu yamekunjwa ili yaingie ndani yake.

Kwa msomaji wa nyanda hizi za juu kusini, jambo lililo karibu zaidi na filamu ya wasifu ni ile karatasi inayosomwa msibani. Iwe Tukuyu, Njombe au Ipogolo, kabla mwili haujapelekwa makaburini husimama mwanaukoo mwenye sauti ya kusikika na kusoma historia fupi ya marehemu: alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akafunga ndoa, akajaliwa watoto. Kila aliyeketi kwenye maturubai anajua kwamba karatasi hiyo si uongo, na anajua pia kwamba si maisha yote ya marehemu. Imeandikwa na upande fulani wa familia, pengine usiku uliotangulia. Inasema kwamba aliugua kwa muda mfupi, ilhali majirani walimwona akidhoofika kwa miaka. Inataja watoto wanne, na wa tano, aliyezaliwa nje ya ndoa, amesimama nyuma karibu na migomba akisikiliza. Ugomvi wa shamba haumo. Mke wa kwanza, kama waliachana vibaya, huenda hamo. Hakuna anayetoka msibani akidai kuwa amedanganywa, wala hakuna anayeichukua karatasi ile mahakamani iwe ushahidi wa mirathi. Tunajua kuisikiliza kwa sababu tunajua nani ameiandika, kwa ajili ya nani, na kwa muda gani wa kusoma. Filamu ya maisha ya msanii inastahili kusikilizwa kwa masikio hayo hayo, ila yenyewe huja na muziki, mwanga na sura nzuri, na hivyo hutusahaulisha kwamba kuna mkono ulioandika.

Sasa tuitazame filamu ya Mercury kwa karibu. Farrokh Bulsara, kwa jina lake la kuzaliwa, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 katika familia ya Kiparsi, yaani jamii ya Wahindi wenye asili ya Uajemi, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya Waingereza. Akiwa mtoto alipelekwa India kusoma shule ya bweni, akarudi Zanzibar, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Filamu haituonyeshi lolote kati ya hayo kwa macho. Tunamkuta tayari kijana mjini London. Karibu miaka kumi na minane ya mwanzo, Zanzibar na India pamoja, imekuwa maneno machache mezani kwa wazazi. Hilo si kosa la ukweli kwa maana ya kawaida, kwa kuwa hakuna kilichosemwa kisivyo, lakini kwa mtazamaji wa Tanzania ndilo pengo kubwa kuliko yote, kwani kilichoachwa ni sehemu yetu.

Baada ya pengo linakuja suala la kubana muda. Katika filamu, Freddie anakutana na Brian May na Roger Taylor, watakaokuwa wenzake katika Queen, usiku mmoja kwenye maegesho ya magari, muda mfupi baada ya mwimbaji wao kuwaacha. Kwa kweli alikuwa amefahamiana nao kwa muda, kupitia mwimbaji huyo huyo aliyesoma naye chuo cha sanaa. Wimbo wa kupiga makofi na miguu ambao viwanja vya mpira duniani vinaujua, ule wa We Will Rock You, umepelekwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ingawa ulitoka mwaka 1977. Mabadiliko ya namna hii ndiyo yanayopigiwa kelele zaidi mitandaoni, na kwa maoni yangu ndiyo yasiyo na madhara makubwa. Maisha ya miaka 45 hayawezi kuingia katika saa mbili na dakika chache bila mtu kuyakunja mahali fulani, na tarehe ya wimbo ikisogea miaka mitatu, tabia ya mtu haibadiliki.

Lililo zito ni badiliko linalogeuza sababu ya mambo. Filamu inaonyesha kwamba Mercury aliiacha bendi yake ili arekodi albamu yake peke yake, wenzake wakaumia, bendi ikavunjika, naye akapotea katika starehe mpaka alipoomba msamaha na kurudishwa kundini kwa ajili ya tamasha la Live Aid la tarehe 13 Julai 1985. Katika mazoezi ya tamasha hilo anawaambia wenzake kwamba ana UKIMWI. Ni sehemu inayoliza watu. Ukweli ni kwamba bendi haikuwa imevunjika: ilitoa albamu mwaka 1984 na ilikuwa ziarani hadi Mei 1985, miezi miwili tu kabla ya tamasha. Roger Taylor alikuwa ameshatoa albamu mbili za peke yake kabla ya ile ya Mercury, na Brian May naye alikuwa amefanya kazi ya pembeni. Kuhusu ugonjwa, taarifa za waliokuwa karibu naye zinaweka siku ya kupata majibu ya vipimo karibu na mwaka 1987, yaani baada ya Live Aid.

Tazama kilichotendeka. Vitu vitatu ambavyo havikuhusiana, yaani albamu ya peke yake, ugonjwa na tamasha, vimefungwa kwa kamba moja, na kamba hiyo ikawa hukumu: alikosa, akaadhibiwa, akatubu, akasamehewa jukwaani. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba ugonjwa ulikuwa malipo ya usaliti na kwamba wenzake walikuwa watu wa nyumbani waliomngoja mpotevu. Katika mikoa yetu hii, ambayo VVU vimeiumiza kuliko mikoa mingi ya nchi, hasa Njombe, Iringa na Mbeya, na ambayo imechukua miaka mingi kuacha kuuita ugonjwa huo adhabu, si jambo dogo kulirudisha wazo hilo kwa mlango wa nyuma kupitia filamu inayopendwa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba burudani ni burudani tu.

Kwa nini hadithi ikapinda upande huo? Sehemu ya jibu ni umbo nililolitaja: mwanzo mgumu, kupanda, kuanguka, kurudi. Mwandishi wa filamu anahitaji anguko kabla ya tamasha la mwisho, na kama maisha hayakutoa anguko mahali panapofaa, hulisogeza. Sehemu nyingine ni nani anayeshika kalamu. May na Taylor walishiriki katika kuitengeneza filamu hii, na bila ridhaa yao nyimbo zisingesikika humo. Sidai kwamba walipanga kumchafua mwenzao, kwa maana mapenzi yao kwake yanaonekana katika filamu nzima. Nasema tu kwamba waliobaki hai wanaposimulia habari za aliyefariki, ni nadra wao kuwa ndio wenye kosa.

Suala la nyimbo na picha linahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa watazamaji wengi hawalijui. Kazi za msanii zina hakimiliki, na akifa, haki hiyo hupita kwa warithi au kwa kampuni iliyoinunua. Mtengeneza filamu anaweza kusimulia maisha ya mtu bila idhini yao, lakini hawezi kuzitumia kazi zake vivi hivi. Mwaka 1996 Julian Schnabel alipotengeneza filamu kuhusu Jean-Michel Basquiat, mchoraji Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 1988 akiwa na miaka 27, hakupata ruhusa ya kuonyesha michoro yake. Michoro tunayoiona humo ilitengenezwa upya kwa kuiga mtindo wake. Filamu ya mwaka 2013 kuhusu mpiga gitaa Mmarekani Jimi Hendrix haina hata wimbo mmoja aliouandika yeye. Kwa hiyo kila unaposikia nyimbo zote maarufu za msanii ndani ya filamu ya maisha yake, fahamu kwamba warithi wamekubali, na mara nyingi kukubali huko kuliambatana na kuusoma muswada wa filamu.

Wahusika nao huundwa. Yule mkuu wa kampuni ya muziki anayeukataa wimbo mrefu wa Queen na kuwacheka, Ray Foster, hakuwahi kuishi kwa jina hilo. Ni mtu wa kubuniwa aliyepewa kubeba mashaka ya watu kadhaa. Katika filamu ya mwaka 2004 kuhusu mwimbaji Mmarekani mweusi Ray Charles tunaonyeshwa jimbo la Georgia likimpiga marufuku kwa sababu alikataa kutumbuiza mbele ya watazamaji waliotenganishwa kwa rangi, kisha likimfungulia mlango mwaka 1979. Kukataa kulikuwapo, mwaka 1961, na alitozwa faini kwa kuvunja mkataba. Marufuku haikuwapo. Mwaka 1979 Georgia iliufanya wimbo wake kuwa wimbo rasmi wa jimbo, jambo ambalo lilitosha kwa uzuri wake bila kuongezewa chumvi.

Nimefika sasa kwenye dhana ninayoiona kuwa na madhara kuliko tarehe zote zilizosogezwa, nayo ni kwamba mateso ndiyo yanayozaa sanaa. Mfano wake mkuu ni Vincent van Gogh, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1853 na kufariki Ufaransa Julai 1890 akiwa na miaka 37. Filamu zimemrudia tena na tena. Mwaka 1956 aliigizwa na Kirk Douglas, mwaka 2018 na Willem Dafoe, na katikati yao, mwaka 2017, ikatoka filamu ambayo kila picha yake ilichorwa kwa mkono kwa rangi za mafuta na wachoraji zaidi ya mia moja, picha zipatazo 65,000. Katika nyingi kati ya hizo, sikio lililokatwa mjini Arles Desemba 1888 na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy vinakaribia kuwa chanzo cha michoro yenyewe, kana kwamba rangi ile ya njano ilitoka katika homa.

Barua zake zinasema vingine. Zaidi ya 800 zimehifadhiwa, nyingi alimwandikia mdogo wake Theo, na anayezisoma anakutana na mfanyakazi makini anayejadili bei ya rangi, aina ya karatasi, namna ya kuweka bluu kando ya rangi ya chungwa, na vitabu alivyovisoma katika lugha kadhaa. Aliamua kuwa mchoraji akiwa na miaka 27, na katika miaka kumi alitengeneza michoro ya mafuta zaidi ya 850. Alipokuwa Saint-Rémy, kazi nyingi alizifanya katika vipindi vya nafuu. Mashambulizi yalipomjia mara nyingi hakuweza kufanya kazi kwa wiki kadhaa, na aliyaogopa kwa sababu hiyo hasa. Ugonjwa ulimnyang'anya siku za kazi. Wataalamu hawajakubaliana mpaka leo ulikuwa ugonjwa gani, lakini kwamba aliupiga vita ili achore, hilo limo katika maandishi yake mwenyewe.

Hata kifo chake kinategemea umeketi kutazama filamu ipi. Ya mwaka 1956 inamwonyesha akichora shamba la ngano lenye kunguru kisha akijipiga risasi, na tangu hapo watu wengi wanaamini kwamba mchoro ule ulikuwa wa mwisho. Wataalamu wa Makumbusho ya Van Gogh ya Amsterdam wanauona mchoro wa mizizi ya miti kuwa ndio wa mwisho. Ya mwaka 2018 inafuata dhana iliyotolewa na waandishi wawili wa wasifu wake mwaka 2011, kwamba alipigwa risasi na vijana, dhana ambayo makumbusho hayo yaliikataa. Wasomaji wa Iringa hawahitaji kuelezwa kwamba namna ya kufa hubadili maana ya maisha yote yaliyotangulia. Mtwa Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na bila tendo hilo historia inayosimuliwa Kalenga ingekuwa na sura tofauti kabisa.

Kuna mtu mmoja ambaye filamu hizi kwa kawaida humwacha pembeni, nami ningependa ajulikane zaidi huku kwetu. Theo alifariki Januari 1891, miezi sita tu baada ya kaka yake. Mjane wake, Jo Bonger, alibaki na mtoto mchanga na chumba kilichojaa michoro ambayo wachache waliitaka. Kwa miaka mingi aliikopesha kwa maonyesho, akauza michache kwa makini, akaandaa onyesho kubwa Amsterdam mwaka 1905, na mwaka 1914 akazichapisha barua. Van Gogh tunayemjua ni matunda ya kazi yake huyu mama. Lakini mwanamke anayepanga barua mezani kwa zaidi ya miaka ishirini hatoshei katika umbo la kupanda na kuanguka, kwa hiyo hadithi humalizika mchoraji anapokufa, na mtazamaji hubaki na wazo kwamba kipaji kilijitangaza chenyewe baada ya mateso kukamilika.

Wazo hilo linafika Mbeya na linafanya kazi. Kijana anayerekodi muziki anapoanza kukosa usingizi, kujitenga na kuzungumza peke yake, wenzake husema anatunga. Akivuta bangi, husemwa kwamba ndiyo inayompa mashairi, na akizidisha pombe, watu humtaja mwimbaji fulani wa Ulaya aliyekuwa hivyo hivyo na akawa tajiri. Familia nayo, ikiona dalili zile zile, aghalabu huzificha kwa aibu. Kati ya sifa za marafiki na ukimya wa nyumbani, hakuna anayempeleka kijana hospitalini, ingawa huduma ya afya ya akili ipo katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Filamu si chanzo pekee cha tabia hii, lakini imeipa heshima. Kinachowasaidia wasanii wagonjwa kufanya kazi ni kile kile kinachomsaidia mwalimu mgonjwa au fundi mgonjwa: tiba, usingizi, chakula na mtu wa kuwasimamia, kama Theo alivyomtumia kaka yake fedha mwezi baada ya mwezi.

Huku kwetu kuna tabaka moja zaidi linalopaswa kuzingatiwa. Filamu nyingi za nje hutazamwa vibandani zikiwa zimewekewa sauti ya msimuliaji wa Kiswahili, ambaye hutafsiri, hufupisha, huchekesha, huwapa wahusika majina ya mtaani na wakati mwingine hueleza sababu ambazo muswada haukuzitoa. Sanaa hiyo naiheshimu sana, kwani bila yake watu wengi wasingeingia kabisa katika hadithi hizo. Hata hivyo, anayebishana kuhusu maisha ya Mercury au Ray Charles baada ya kutazama kwa njia hiyo anabishana juu ya maneno ya mtu wa tatu, akiwa nyuma ya mwandishi na nyuma ya warithi.

Swali lenye faida kwa mtazamaji, basi, ni hili: tukio hili likiondolewa au likirudishwa mahali pake pa kweli, je, hukumu ya filamu juu ya mtu huyu inasimama? Wimbo wa 1977 ukirudishwa 1977, Mercury anabaki yule yule. Vipimo vya ugonjwa vikirudishwa baada ya tamasha, filamu nzima inapoteza toba yake. Ukiwa na simu, kulinganisha tarehe tatu au nne hakuchukui muda, na mara nyingi yale maandishi meupe yanayotokea mwishoni, ambayo watu huyapuuza wakinyanyuka kwenye mabenchi, ndiyo yenye tarehe zinazoaminika.

Haya yote yatatuhusu kwa karibu zaidi siku filamu itakapotengenezwa kuhusu Edward Saidi Tingatinga, na naamini ipo siku. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, akaenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, akahamia Dar es Salaam, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alichora kwa miaka isiyozidi mitano hivi. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu anayekimbia. Hakuacha barua 800 za kumkosoa mwandishi wa muswada. Wanafunzi aliowafundisha, na wanafunzi wa wanafunzi hao, wameuendeleza mtindo unaobeba jina lake na wanaishi kwa kuuza michoro yake kwa wageni. Jamaa zake wa Tunduru wana kumbukumbu zao, na usiku ule una upande wa polisi pia. Atakayepewa kalamu miongoni mwao ndiye atakayeamua kama filamu itaanza kwa risasi, kwa shamba la mkonge, au kwa mtu aliyechuchumaa barazani akichanganya rangi.